Weka Juu

Kitabu cha Khairati kimejaladiwa gazeti,
Kiingereza, Kidato cha Pili, skuli ya Utaani hapa Wete.
Amekuja nacho mpaka cherehanini.
Umeme umekatika tangu alasiri
nami nashona kwa mguu, tochi ya simu kwenye kibati cha uzi.

"Mama, *put up with* ni nini?
Mwalimu Shaame kataka maneno matano ya Kiswahili,
yote maana moja."

Maana moja!
Nimecheka hata uzi ukaniruka sindanoni.

Andika kuvumilia.
Hilo nilipewa na somo yangu, Bi Mwatima,
nimo ndani siku saba, mwili mzima liwa,
kwa sauti ya chini, kama anayenitilia kitu mkobani:
vumilia, mwanangu, hata pale usipopajua.

Andika kustahimili.
Hilo la daktari, usiku wa kukuzaa wewe,
sindano ya maumivu imekwisha tangu jana yake.
"Stahimili kidogo," na miwani yake safi.
Kidogo yake ilifika adhana ya alfajiri.

Kuhimili ni la mafundi.
Fundi Kombo aliipiga ngumi boriti ya ukumbini
akasema inahimili, bati tu, vigae hapana.
Liandike, lakini ujue
hilo halina moyo ndani yake.

Kusubiri usiandike.
Anayesubiri ana saa ya kutazama.

La nne, kuchukuliana.
Tazama mkia wake: lataka watu wawili.
Mimi na bibi yako mzaa baba, jiko moja, miaka minne,
yeye katia chumvi, mimi sijui, nami natia,
mchuzi ukaliwa, na hakuna aliyeguna.
Tumekula chumvi nyingi, mimi na yule bibi.

Limebaki moja.
Nikamtajia kujikaza kisabuni,
akasema mwalimu hataki maneno ya mitaani.
Kumeza, nikasema.
"Kumeza nini?"
Nikakanyaga cherehani.

Basi akalichambua mwenyewe kwa kamusi,
kidogo kidogo, kama samaki mwenye miba:
weka. Juu. Pamoja na.
"Weka juu pamoja na.
Pamoja na nini, Mama? Mbona halijesha?"

Ndipo nikainua uso
nikaliona sanduku juu ya kabati.

La baba yake, kijani, limefungwa kamba ya katani.
Nitalifuata, alisema, nikishapata chumba Maskati.
Miaka kumi na mmoja nalifuta vumbi kila mkesha wa Idi
nalirudisha juu.
Juu, pamoja na picha ya harusi niliyoigeuzia ukutani,
pamoja na simu za kila Ijumaa, kisha za mwisho wa mwezi, kisha za Idi,
pamoja na jina la mwanamke
lililomponyoka shemegi yangu hapa hapa, juu ya mkeka huu,
akajitia kukohoa.

"Liandike hivyo hivyo," nikamwambia.
"Mbele yake acha nafasi."

Jumatatu daftari likarudi.
Manne vyema. La tano limekatwa kwa wino mwekundu,
na pembeni kwa mwandiko wa kulala:
*Hii si tafsiri. Umevunja maneno tu.*

Sina ugomvi na Mwalimu Shaame.
Nimepanda kigoda, nimelishusha.
Suruali mbili za tetroni, shati kola imeliwa na mende,
na karafuu kavu nilizotia mwenyewe ili nondo wasile,
hazinuki tena.

Nimezifumua suruali.
Nimemkatia Faki kaptura ya skuli,
Faki aliyeachwa tumboni na kiuno sasa anacho.
Kilichobaki kitatosha mfuko wa madaftari.

Khairati kasimama mlangoni, kalamu mdomoni:
"Na kushusha, Mama, kwao wanasemaje?"

Sijui, mwanangu.
Nishikie hapa nikate uzi.